Gitaa la Gaspari Lisitiwe Pamba

Kanyosha, jioni, kesho unasafiri

Serafina, mwanangu, mama yangu mdogo,

Habari za sabuni, za nguo za ndani na za kutokunywa maji ya ziwa, mama yako amekupa tangu asubuhi. Bado anaendelea, sasa anawaambia kuku, maana we umekwenda Kinanira kuaga wenzako. Mi hapo sina la kuongeza. Mtu ambaye mpaka leo hajui soksi zake zinakaa wapi hana haki ya kumfundisha mwingine kufunga sanduku.

Mi nakuandikia habari ya hilo gitaa tu. Kesho utapanda nalo meli, na watu wa orkestra ya Kigoma wakiliona watakuuliza umelitoa wapi. Utawaambia, nimepewa na baba. Ni kweli, lakini ni nusu. Nusu nyingine sitaki uisikie kwa mdomo wa watu, wala kwa mdomo wa gitaa lenyewe, maana linao.

Makosa ya mwandiko usihesabu. Mapadri walinifundisha hadi darasa la tatu, wao wakachoka, mi nikachoka, tukaachana kwa amani.

Liko hapa mbele yangu mezani, limelala kifudifudi. Nimetoa kifuniko cha mgongoni na springi zote zinaonekana, zimejipanga kama mbavu za mbuzi. Ukilitazama sana hivi unaanza kudhani linapumua. Basi silitazami sana. Natazama karatasi.

Gaspari unamkumbuka. Yule kijana wa Ruziba, karani mjini, mwenye mwanya na suruali pana chini, aliyekuwa akipiga gitaa Jumamosi usiku kwenye baa moja ya Bwiza. We ulimpenda kwa biskuti alizokuletea. Mi nilimpenda kwa sababu alijua kunijibu. Siku ya kwanza aliliweka juu ya meza hii hii, akashika kile kifimbo cha chuma kinachotokeza kando ya nyuzi, akasema, "Muzee, gitaa haikai kwenye sauti. Nikikamata uyu mukono mara moja tu, nyuzi zote zinapotea."

Mi wakati ule nilikuwa natengeneza radio, baiskeli na majiko ya petroli. Gitaa la umeme nilikuwa sijafungua hata moja. Lakini unanijua, kusema "sijui" mbele ya mteja kunaniuma kuliko jino. Nikamwambia aliache, aje kesho yake.

Nikaliangalia. Lile daraja, yaani kile chuma zinakotokea nyuzi, lilikuwa limeinuka nyuma kidogo, kama mtu anayechungulia chini ya kitanda. Nikasema, ugonjwa ndio huu. Nikakaza zile skrubu zake sita mpaka mwisho, kwa nguvu yangu na ya marehemu baba yangu. Halafu nikasikia nyuzi zinakwama kule juu, kwenye kile kipande cha mfupa chenye mifereji, zinapoingia kwenye funguo. Nikaenda jikoni, nikachota mawese ya mama yako, nikapaka. Nikaona raha, nikapaka na springi. Kesho yake Gaspari anafika, sisimizi wamepanga mstari kutoka dirishani mpaka shingoni mwa gitaa, kama watu wa parokia siku ya Pasaka.

Akasimama. Akatazama sisimizi, akanitazama mi.

"Muzee, we umeitengeneza ao umeipika?"

"Nimelilainisha."

"Basi leta na ugali tukule."

"Kama una njaa sema njaa, usisingizie gitaa."

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua bisibisi yangu mkononi mwangu, na mi nikamwacha, jambo ambalo hata kaka yangu hajawahi kulipata. Yote ninayoyajua kuhusu daraja hili ni yeye aliyenionyesha mchana ule, akifuta mawese kwa shati lake mwenyewe.

Aliniambia, "Muzee, iyi kitu si ya kukaza. Inaelea." Nyuzi zinalivuta mbele, springi zinalivuta nyuma, lenyewe liko katikati halina upande. Zile skrubu sita hazilishiki, zinaliegemeza tu. Mbili za pembeni zinaligusa, nne za katikati unazipandisha kidogo zisilibane. Nyuma huku, springi zimeshikwa na kibao cha chuma chenye skrubu mbili ndefu zilizoingia kwenye mti. Ukitaka daraja lishuke, unakaza hizo mbili. Ukitaka lipande, unalegeza. Unaweka nyuzi kwenye sauti, unatazama, nafasi chini ya daraja inatosha sarafu ya faranga moja? Haitoshi, unalegeza nusu mzunguko, unarudi kwenye nyuzi, unaanza upya. Unarudia mpaka pande zote mbili zichoke kugombana. Kwenye ule mfupa hupaki mafuta, unasugua risasi ya penseli ndani ya mifereji. Ukisikia "tik" unapokaza ufunguo, bado uzi unakwama, ongeza penseli. Na hubadilishi nyuzi zote kwa mkupuo, unabadilisha mmoja mmoja; uzi mmoja ukikatika, springi zinashinda, daraja linalala nyuma na nyuzi zilizobaki zote zinapanda, hata zile ambazo hazina kosa. Nimekuwekea kipande cha mvule mkobani. Ukikatikiwa na uzi katikati ya ngoma, kichomeke chini ya daraja, umalize wimbo, kisha ulie baadaye.

Maisha yangu yote kitu kikitikisika nakikaza. Hata wewe nilikukaza. Mwaka jana uliposema unataka kupiga mbele ya watu nikafunga mlango wa karakana na kufuli, ukapanda sauti kuliko nyuzi zote, majirani wakasikia. Nilijua habari ya daraja siku zote hizo, na bado nilitafuta kufuli. Basi. Tuendelee.

Gaspari alikuwa na kitu kimoja cha ajabu. Kila alipokuja kulichukua aliligeuza, akaweka mdomo karibu na mgongo wake, akaliuliza, "Uko?" Na springi zilimjibu. Umeshazisikia, ule mlio mwembamba, shiii, kama mtu anayevuta pumzi katika meno. Si uchawi. Springi nzuri iliyovutwa sawasawa inaitikia sauti yoyote, lori likipita, kuku akilia, mama yako akikuita. Gaspari alisema, "Gitaa yenye haijibu, springi zake zimechoka." Kisha alikuwa akiacha uzi mnene, ule wa juu kabisa, umeshuka kidogo tu, makusudi, ili aukaze mbele yangu, akinitazama, akivuma sauti puani. Ilikuwa salamu yake kwangu. Kila Jumamosi.

Sasa naingia kwenye mwaka ule. Siutaji. We unaujua, na karatasi inaweza kusomwa na asiyeandikiwa. Ijumaa moja Gaspari alileta gitaa, nikabadilisha nyuzi, akanisimamia. Akasema, "Nitapita kesho muchana, Muzee. Usiilegeze."

"Nililegeze kwa nini? Mi si mama mkwe wako."

Akaondoka akicheka, akigusa fremu ya mlango juu, kama alivyozoea.

Hakupita.

Hapa kwetu unajua desturi ya karakana yangu: kitu cha mtu hakiuzwi wala hakilegezwi mpaka mwenyewe aje. Radio ya yule mwalimu, ambaye naye hakurudi, bado iko kwenye rafu. Basi nikalitundika gitaa kwenye msumari ule, pale kati ya dirisha na kalenda, na kila wiki nikaliweka kwenye sauti. Mi sijui kupiga hata wimbo wa kulaza mtoto, lakini kuweka nyuzi sawa naweza. Baada ya majuma machache nilienda Ruziba kwa mama yake kulirudisha. Nilimkuta anaanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Hakulipokea. Akasema, "Alikuachia we. Akitoka uko walimupeleka ataanzia kwako, kwako ni karibu na barabara." Nikarudi nalo begani, watu njiani wananiita mwanamuziki, nami nawapungia mkono kama kweli.

Tangu hapo ndipo likaanza.

Mchana, saa zile Gaspari alizokuwa akifika, jua limesimama na kuku wamelala kivulini, springi zinaitika. Shiii. Mi natoka mpaka barabarani natafuta lori. Hakuna lori. Naenda kuzima radio. Kumbe imeshazimwa. Mara ya kwanza nilijiambia ni mdomo wangu mwenyewe, labda nimesema kitu bila kujisikia, uzee unakuja hivyo. Mara ya pili nilifunga mdomo kwa mkono.

Na uzi mnene. Daraja nililiweka sawa, sarafu inapita, penseli imejaa kwenye mifereji, nyuzi tano zinakaa juma zima bila kusogea hata unywele. Ule wa sita, Jumamosi, umeshuka, kidogo tu, kile kidogo chake. Nilibadilisha uzi. Nilibadilisha ufunguo. Niliangalia springi moja moja kwa kioo. Jumamosi, umeshuka.

Mama yako ndiye aliyesikia springi kwanza bila mi kumwambia. Alikuwa amesimama mlangoni na sahani yangu.

"Baba Serafina, iyo kitu inasema na nani?"

"Inasema na wewe, inauliza kama umetia chumvi."

"Apana kunichekesha. Itie pamba."

Ana akili, mama yako. Wanamuziki wengi wanatia kitambaa au pamba humo mgongoni zisivume. Alikwenda, akaja nayo, pamba nyeupe ya dispensari, akaiweka juu ya meza. Mi nikaitazama ile pamba, na mkono wangu ukakataa kabisa. Mtu anayetiwa pamba unamjua. Nani alikuwa ameniambia Gaspari ni wa kutiwa pamba? Hakuna aliyeleta habari, hakuna aliyeleta mwili, hakuna aliyeleta hata kiatu. Nikamwambia mama yako, "Rudisha." Akairudisha. Sahani ile nilikula baridi. Na chumvi kweli haikuwamo.

Sasa nakuja kwenye siku unayoikumbuka, lakini we unakumbuka ulichokifanya tu, hujui nilichokiona.

Ilikuwa Jumamosi, mchana. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda unachambua maharage. Wakaingia vijana wawili, wamevaa vizuri, gari wameliacha barabarani injini inanguruma. Wewe ulidhani wamekuja kuangalia radio; mi nilijua ni wale waliokuwa wakikusanya vitu vya watu waliochukuliwa. Mfupi ndiye alianza.

"Muzee, vitu vya Gaspari viko wapi?"

"Gaspari gani? Mi najua watatu, mmoja ni padri."

"Iyo gitaa ni ya nani?"

Nakuambia, Serafina, mdomo wangu ulikwenda wenyewe. "Ni ya mutoto wangu."

"Mutoto mwanamuke anapiga gitaa?"

"Anapiga. Maharage ndiyo hajui, angalia anavyochambua."

Mfupi akacheka. Mrefu hakucheka. Mi nilikuwa nimeshatazama mikono ya yule mrefu. Kucha za mkono wa kushoto fupi, kucha za mkono wa kulia ndefu. Nikajua, huyu anapiga. Huyu simdanganyi. Akalitoa msumarini, akalishika kama mtu anayeshika mtoto wa jirani, akasema polepole, "Gitaa yenye inatundikwa tu haikai kwenye sauti, Muzee. Mutu anaweza kudanganya, uyu mukono haudanganyi." Akaukandamiza ule mkono wa chuma mpaka mwisho, nyuzi zikalegea kama kamba za nguo, akauachia ghafla. Akakupa. "Piga, mutoto."

We ukapangusa mikono kwenye gauni. Mi nikakumbuka siku. Jumamosi. Uzi mnene ulikuwa umeshuka, nilikuwa bado sijaugusa, nilikuwa nangoja nimalize baiskeli ya watu. Na wewe mtoto wangu ulikuwa unajua kitu kimoja tu, kile kiwimbo kifupi Gaspari alichokufundisha, ambacho kinaanza wapi? Kwenye uzi mnene.

Ukapiga.

Uzi mnene ulikuwa sawa. Ule uzi ulisimama safi, haujapungua wala kuzidi, na nyingine tano zikaufuata, kiwimbo kikatoka chote mpaka mwisho, na pale mwishoni ukagusa mkono kidogo kama yeye alivyokuwa akifanya, sauti ikatetemeka, ikarudi mahali pake. Ndilo jambo ulilofanya wewe. Aliyekaza uzi ule si mimi. Nimewauliza wote wa nyumba hii kwa ujanja, si wao.

Yule mrefu akalichukua tena, akaligeuza, akainamisha kichwa. "Umu ndani iko nini?" akasema, kama anajiuliza mwenyewe.

Springi zikamjibu. Lakini hazikujibu kama zinavyojibu lori. Zilianza, na hazikukoma. Mi nilisimama pale nikazisikia zinaendelea wakati yeye ameshafunga mdomo, na uso wake unabadilika rangi. Akakurudishia gitaa kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa. Wewe, mtoto wa maharage! Akamwambia mwenzake, "Twende. Ni ya mutoto."

Mfupi akasema, "Una hakika?"

"Nimesema twende."

Kutoka, akagusa fremu ya mlango juu. Sijui kwa nini. Ni mrefu, labda alikuwa anajikinga kichwa.

Jumamosi iliyofuata uzi ulikuwa umeshuka tena, kidogo chake kile. Nikaukaza. Nilijikuta navuma puani.

Kumbe tangu siku ile gitaa limekuwa lako kwa mdomo wa uongo wangu, nami sikuweza kukupa kwa mdomo wa kweli. Ndiyo maana ulipoliomba mwezi huu nilikujibu vibaya. Hukunikosea. Nilikuwa sijamwuliza mwenye haki.

Nilikwenda kuuliza juma lililopita, siku niliyosema nakwenda kutafuta matairi. Mama Gaspari bado anaanika ndagala mahali pale pale, amepungua, macho yamekuwa meupe. Nikakaa karibu naye kwenye mchanga. Nikamwambia, "Mutoto wangu anaenda Kigoma kupiga. Nataka nimupe gitaa. We unasema nini, mama?"

Akageuza ndagala upande wa pili, moja moja, kwa vidole.

"Inalia bado?"

"Inalia."

"Jumamosi?"

Habari ya Jumamosi sikuwahi kumwambia mtu. Si yeye, si mama yako, si wewe mpaka dakika hii unaposoma. Nikasema, "Ndiyo, mama. Jumamosi."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kawaida sokoni. "Mupe mutoto. Lakini baki na kitu yake. Akija, nisisikie ulimupokea na mikono mitupu."

Ndiyo sababu mgongo wa gitaa uko wazi mbele yangu jioni hii. Springi zilikuwa tano. Nimetoa moja, ya katikati. Nne zilizobaki nimezivuta upya, nikakaza zile skrubu mbili ndefu, nikarudi kwenye nyuzi, nikatazama, nikakaza tena, mpaka sarafu ikapita. Linaelea. Nimekandamiza mkono mpaka mwisho mara nyingi kuliko yule mrefu, na limerudi. Springi niliyoitoa nimeitundika kwenye msumari ule, kati ya dirisha na kalenda. Gaspari akigusa mlango wangu nitamwonyesha hiyo, nitamwambia lililobaki liko Kigoma, linapigwa, halijalegezwa hata siku moja. Atanitukana kidogo, kisha atataka ugali.

Huko watu watakucheka ukisema "apana" na "muzee". Waache wacheke, ndipo upige. Na watakaposikia springi zinavuma nyuma ya mgongo wa wimbo, fundi wao atakuambia, binti, tia pamba humo. Atakuwa na haki ya ufundi. Usitie. Akisisitiza, mwambie baba yako ni mzee mshenzi wa Kanyosha na amekuapisha. Na Jumamosi uzi mnene ukishuka, usihangaike na penseli wala bisibisi. Ukaze tu. Ukitaka, uvume puani.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo. Lakini sasa hivi, kabla ya kurudisha kifuniko, nimeweka mdomo mgongoni mwake nikaliuliza, nijue kama nne zinatosha. "Uko?" Zimejibu, vizuri. Nikainua kichwa. Ile ya msumarini, ambayo haivutwi na kitu, haina uzi wala daraja, inaning'inia tu kama soksi, imejibu nayo. Imechelewa kidogo. Nimeitazama mpaka imetulia. Mama yako kule nje amenyamaza, hata kuku haambii kitu.

Basi ukifika Kigoma, usiniandikie haraka, uandishi unachosha na we umerithi mkono wangu. Ligeuze tu, uliulize. Mi nitakuwa nimekaa hapa mchana, radio nimeizima, nautazama msumari. Na kama majuma yakipita hujaliuliza, nitajua umepata mwanamume, nitakuja huko na bisibisi.

Nasikia miguu yako uani. Umegusa fremu ya mlango juu.

Wewe hufikii pale.

Baba yako